Mwenye Mwana-Punda Yule

Somo: Marko 11:1-7, Mithali 3:27-28



Nimeombwa na kasisi wetu niandike machache kwa ajili ya ukurasa huu, nami nimechagua kusema habari za gari. Najua wengine watacheka. Watasema, mwalimu amestaafu, amekosa la kufundisha, sasa atuhubiri gari lake lile la zamani. Wala hawakosei, ni hilo hilo. Ni Toyota Starlet ndogo, ya mlango wa nyuma wa kufunuliwa juu, ambayo watoto wa Chanzuru huijua kwa mlio wake kabla haijatokea. Lakini nimejifunza ndani ya gari hilo jambo ambalo sikulijifunza katika miaka yangu yote ya chaki na ubao, na nisipolisema nitakuwa nimelificha.

Kwanza tulitazame somo. Bwana wetu alipokaribia Yerusalemu aliwatuma wanafunzi wawili waende katika kijiji kilichowakabili. Huko wangemwona mwana-punda amefungwa, ambaye hajapandwa na mtu bado. Wamfungue na kumleta. Na mtu akiwauliza, wajibu kwamba Bwana anamtaka, naye atamrudisha upesi. Mambo yakawa hivyo hivyo. Watu waliokuwapo waliuliza, wakajibiwa, wakawaacha wamchukue.

Kila mwaka Jumapili ya Mitende sisi huimba na kupunga matawi. Twamwangalia Bwana aliyepanda, twawaangalia wanafunzi, hata punda mwenyewe twamwangalia. Lakini ni nani amfikiriaye mwenye punda? Marko hamtaji jina. Luka aonyesha kwamba wenyewe walikuwa zaidi ya mmoja. Labda punda huyo alikuwa mali ya watu wa nyumba moja walioshirikiana. Basi fikirini: wageni wawili wafika, wamfungua mnyama wa kazi, mnyama ambaye amelishwa muda mrefu na bado hajaanza kuleta faida. Neno lililotolewa ni moja tu, kwamba Bwana anamtaka. Na watu wale wakalegeza mkono. Bila mkono ule kulegea, ile Jumapili ya kwanza ya Mitende isingekwenda kama ilivyokwenda.

Nataka tukae kidogo na mtu huyu asiye na jina, mwenye chombo.

Sisi tulio wazee twakumbuka wakati ambapo gari lilikuwa jambo la mbali sana. Mimi nilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za nchi, na mafuta yalikuwa ya shida. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwalimu akiwa na baiskeli ya Phoenix alihesabiwa kuwa mtu mkubwa. Mwenye gari hakupata tairi, na akipata tairi hakupata plagi. Hata hivyo watu walifika kanisani, na wagonjwa walibebwa kwa machela, wanaume wakipokezana mabega. Na tukirudi nyuma zaidi, twakumbuka jinsi Alexander Mackay, mmisionari wa C.M.S., alivyofungua mwaka 1877 njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe tokea Saadani pwani hata Mpwapwa, zaidi ya maili 200. Lakini ng'ombe waliumwa na mbung'o, wakafa. Injili ilifika Mamboya na bara yote hii kwa miguu ya watu na kwa vichwa vya wapagazi. Nayasema haya ili mtu asidhani kwamba Mungu amewahi kushindwa kwa kukosa gari.

Siku hizi mambo yamebadilika. Barabara ya lami kutoka Dumila hadi Kilosa imefanywa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa ikielekea Dodoma kama mshale. Magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani yamejaa nchini. Sababu zake si za siri. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao watufaa. Tena sheria yao hulazimisha kila gari kukaguliwa, gari jipya baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi si ndogo. Basi wengi huona afadhali kuliuza gari lingali zima. Kwa njia hiyo chombo ambacho mtu wa huko amekichoka chaja kuwa baraka ya mstaafu wa Kilosa. Starlet zenyewe zilikoma kutengenezwa mwaka 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Hili langu ni la miaka ya tisini, injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,300 na kitu. Nililinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, kwa mtu wa Morogoro aliyekuwa amelitumia tayari. Nikiliendesha kwa upole hunipa kilomita 14 au 15 kwa lita moja. Kwa mtu wa pensheni, hayo si maneno madogo.

Basi nilimshukuru Mungu kwa gari hilo, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli. Lakini shukrani ni kama maziwa, isipoangaliwa huchacha.

Ninyi nyote mwajua jinsi watu wa nchi hii wanavyosoma namba za magari. Hawasomi tarakimu, husoma herufi. Gari la namba A ni la zamani, B lafuata, kisha C na D, na sasa kuna namba E. Kijana wa darasa la tatu akiona gari atakuambia mara moja kama mwenyewe ni mtu wa maana. Langu ni namba A. Sikulijali jambo hilo mpaka siku moja nilipokwenda arusini mjini. Palikuwa na kijana wa kupanga magari. Aliwaelekeza wenye magari makubwa waegeshe mbele, penye kivuli. Aliponifikia mimi aliitazama namba, akaninyoshea mkono niende nyuma ya jengo, penye mapipa ya taka. Hakunitukana. Alikuwa akifanya kazi aliyopewa. Lakini mimi niliingia katika karamu ile moyo wangu ukichemka kama rejeta isiyo na maji, wala sikumbuki hata neno moja la mahubiri yaliyotolewa siku ile.

Nikarudi nyumbani nikiwa na shauri moja: nitalitengeneza gari hili lipendeze. Binti yetu wa mwisho alikuwa karibu kuolewa. Nilipeleka gari kwa fundi, likapigwa rangi ubavuni, na viti vikavikwa vitambaa vipya, rangi ya maziwa. Fedha zile zingetosha matairi mawili. Na matairi ya nyuma yalikuwa yamekwisha kuwa vipara. Mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini viti kabla ya matairi?" Nikamjibu kwamba matairi yatafuata. Angalieni, ndugu zangu, jinsi haya ya mtu inavyomwongoza. Sikuwa nikiliabudu gari kwa kulisujudia. Nilikuwa nikilionea haya, nikidhani kwamba mtu akionea haya kitu hawezi kukiabudu. Lakini ni jambo lile lile. Aonaye haya kwa ajili ya chombo chake, na ajivunaye kwa ajili ya chombo chake, wote wawili wamekiweka chombo mahali pasipo pake.

Sasa nitasema lile lililo gumu.

Ilikuwa masika, majuma mawili kabla ya arusi ya binti yetu, kama saa saba usiku. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu magharibi. Nikasikia hodi. Alikuwa jirani yangu, mzee mwenzangu, mkulima wa ufuta na mahindi. Yeye ni Mwislamu, nasi tumekaa kwa wema miaka mingi. Wakati wa Krismasi hula kwetu, na wakati wa Idi sisi hula kwao. Akaniambia kutoka barazani, "Mwalimu, mkamwana wangu ameshikwa na uchungu, na hali si nzuri. Twaomba utusaidie kumfikisha Kilosa."

Nilisimama nyuma ya mlango na taa mkononi. Nikafikiri mambo matatu, moja baada ya jingine, nami nayakumbuka kwa utaratibu wake. Nilifikiri matope. Nilifikiri matairi vipara. Kisha nikafikiri vitambaa vya viti, rangi ya maziwa, na arusi iliyo mbele yetu. Kama ningaliishia katika lile la pili, na kumwambia, "Ndugu yangu, matairi yangu ni mabovu, naogopa kutuua sote," ningalikuwa nimesema kweli, na labda tungalitafuta shauri pamoja. Lakini mimi nilisema, "Pole sana, ndugu yangu. Gari halina mafuta."

Tangi lilikuwa na mafuta zaidi ya nusu.

Akaniambia, "Haya, Mwalimu. Lala salama." Akaondoka mbio. Nilirudi kitandani. Mke wangu alikuwa macho. Hakusema neno kwa kitambo, kisha akasema polepole, "Si ulijaza juzi?" Sikumjibu. Nilisikia pikipiki ikiwaka, ikapita mbele ya nyumba yetu, mlio ukaenda ukipungua mvuani.

Asubuhi tukapata habari. Walikuwa watatu juu ya pikipiki ile: kijana mwendeshaji mbele, mkamwana katikati, na mama mkwe nyuma akimshikilia. Hawakufika hospitali. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, chini ya mti, mvua ikinyesha, na wanawake wa nyumba ya karibu walitoka na khanga zao wakamfunika mama yule. Alipoteza damu nyingi. Walipofika hospitali baadaye alilazwa siku tano. Lakini Mungu aliwahurumia. Mama na mtoto wote walipona, na mtoto yule sasa ni mkubwa, hukimbia uwanjani kwao. Nashukuru kwamba naweza kuyaandika maneno haya. Wapo watu waliosema uongo mdogo kuliko wangu na hawakupewa nafasi ya kuandika hivyo.

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, nikasikia hodi tena. Ni jirani yangu yule. Nilidhani amekuja kunilaumu, nami nilikuwa nimetayarisha maneno. Mkononi alishika chupa ya maji, ya lita moja na nusu, imejaa petroli. Akasema, "Mwalimu, nimekuwa nikikuwaza. Masika kama hii, mtu na mkewe kukaa bila mafuta kabisa si salama. Mama akiugua usiku utafanyaje? Nimepata kidogo hapa kwa vijana, nikasema nikuletee."

Ndugu zangu, niliipokea chupa ile. Nilisema asante. Sikuwa na nguvu za kusema jambo jingine lolote. Nikaiweka nyuma ya mlango wa chumba, nayo ikakaa pale. Kila nilipofungua mlango niliisikia harufu yake.

Mithali sura ya tatu yatuonya tusimnyime jirani yetu mema nasi tunao uwezo wa kuyatenda, wala tusimwambie aende arudi kesho, hali kitu kipo kwetu. Nilikuwa nimelifundisha fungu hilo katika vipindi vya dini mara nyingi. Naye Yakobo, sura ya nne, asema kwamba mtu ajuaye lililo jema asilitende, kwake huyo ni dhambi. Sisi wa Kanisa letu hukiri kila Jumapili, kwa utaratibu wa Kitabu cha Sala, si yale tuliyoyatenda tu, bali na yale tuliyoyaacha bila kuyatenda. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo tangu utoto. Mpaka siku zile sikujua kwamba jambo lililoachwa bila kutendwa laweza kuwa na sura ya mtu, na jina, na mvua juu yake.

Jumapili iliyofuata palikuwa na Ushirika Mtakatifu. Watu walipoinuka kwenda Mezani, mimi nilibaki nimeketi. Nilikumbuka agizo la Bwana katika Mathayo sura ya tano, kwamba mtu akileta sadaka yake naye akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aende kwanza apatane naye. Mke wangu alinitazama, akaenda peke yake. Jumapili ya pili ikawa hivyo tena. Wazee wetu wa uamsho walitufundisha kutembea nuruni, nasi tulipokuwa vijana tuliwaona kama watu wanaosumbua kwa kuungama vitu vidogo vidogo. Sasa nilielewa. Walijua kwamba dhambi iliyofichwa haikai mahali pamoja.

Siku ya kumi na moja niliichukua ile chupa, nikaenda kwa jirani yangu. Nikamwambia yote: mafuta yaliyokuwamo, matairi, na viti. Nilipofika kwenye habari ya viti sauti yangu ilikatika, maana niliona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeniambia tu kwamba waogopa barabara, ningekuelewa. Ningeketi nawe tukafikiri." Akanyamaza tena. Halafu akasema, "Mimi nimesamehe. Lakini si mimi niliyezaa mvuani. Mwenyewe yumo ndani."

Nikaitiwa mkamwana. Nilikuwa nimemfundisha darasa la sita. Alitoka na mtoto mgongoni, akapiga magoti kidogo kama wafanyavyo mabinti waliolelewa vema, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ile shikamoo ilinishinda. Nilijibu marahaba, na baada yake maneno yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani. Nilimwomba radhi kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakunipa maneno ya kunifariji. Alisema tu, "Siku nyingine ufungue mlango, Mwalimu." Kwa miezi mingi mama mkwe wake alipokutana nami njiani alinisalimu kwa kifupi na kupita. Sikumlaumu. Msamaha hutolewa siku moja, lakini imani ya watu hurudi kwa miguu.

Basi tumejifunza nini?

Jambo la kwanza, chombo ni chombo tu. Punda yule wa Bethfage alifaa kwa sababu alikuwa tayari kufunguliwa, wala hatusomi kwamba Bwana aliuliza uzuri wake. Gari la namba A na gari la namba E yote hupita barabara moja, hulowa mvua ile ile. Tangu mwaka 2017 hata Serikali haitudai tena ada ya gari ya kila mwaka. Ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo kila mtu hulipa kwa kadiri anavyotembea. Nami naona kuna fundisho hapo. Nadhani hata mbele za Mungu hatutaulizwa tulikuwa na gari gani. Tutaulizwa tulikwenda nalo wapi, na kwa ajili ya nani.

Jambo la pili, chombo cha zamani chataka uaminifu wa kila siku. Fundi mmoja aliniambia kwamba gari kuukuu mara nyingi haliuawi na jambo kubwa. Huuawa na mambo madogo yaliyoachwa. Oili ikipungua halipigi kelele siku ya kwanza. Maji ya rejeta yakivuja tone moja moja, injini huendelea kufanya kazi mpaka siku utakapokuwa mbali na nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, mimi hufunua boneti, huchomoa kijiti cha oili, hukifuta, hukirudisha, hukichomoa tena na kutazama. Huangalia maji injini ikiwa baridi, maana kufungua kifuniko cha rejeta la moto ni kujitafutia kuungua. Hukanyaga breki kabla sijatoka uani. Kazi yote hiyo haizidi dakika tano. Na sala ya asubuhi pamoja na kujihoji nafsi haizidi sana hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Uongo wangu wa usiku ule haukuanza usiku ule. Ulianza penye mapipa ya taka, siku ya arusi ya watu, nami sikufunua boneti nikatazama.

Na hapa niwaambie wenzangu wenye magari jambo lisilopendeza. Kutembea na matairi vipara na breki mbovu, halafu ukapakia watoto wa Shule ya Jumapili saba kiti cha nyuma, si huduma. Ni kumjaribu Bwana Mungu. Stika ya usalama barabarani kwenye kioo haisimamishi gari. Breki ndizo zisimamishazo. Mwaka ule baada ya arusi nilinunua matairi kwanza, nikaweka mikanda iliyokuwa imekatika, ndipo nikathubutu kusema kwamba gari langu ni la kutumika. Upendo usiojali uhai wa mtu umepungua kitu.

Jambo la tatu, sema kweli hata unaposema hapana. Si kila ombi lazima likubaliwe. Bwana aliahidi kwamba mwana-punda atarudishwa. Hakumfukarisha mwenye punda. Mstaafu hawezi kuwa teksi ya bure ya kijiji kizima, naye asione haya kuomba wenye uwezo wachangie mafuta. Na ziko nyakati ambapo haiwezekani kabisa. Sote twaukumbuka Mkondoa ulivyovunja kingo zake mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukabomoa nyumba Kilosa na kuikata reli ya Kati. Maji hayaulizi gari ni la nani. Masika moja baada ya yale niliyowasimulia niliitwa tena usiku, na maji yalikuwa yamefunika barabara. Nilitoka nje, nikamwonyesha yule aliyeniita kwa tochi, nikamwambia, "Hapa sipiti, tutakufa." Kisha nikakaa naye, tukapiga simu hapa na pale mpaka likapatikana gari kubwa la juu, nami nikamsindikiza mgonjwa. Nilisema hapana usiku ule pia. Lakini mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa upande wa nje.

Na la mwisho, chombo kitayarishwe kabla ya kuitwa. Mwana-punda alikuwa amefungwa mlangoni, njiani, mahali pa kuonekana. Mke wangu na mimi tumejiwekea utaratibu mdogo, nami nausema si kwa kujisifu, bali kwa kuwa labda utamfaa mwingine. Robo ya tangi haiguswi kwa safari zetu wenyewe; hiyo ni ya hodi ya usiku. Katika buti mna turubai safi, khanga mbili na tochi. Namba yetu ya simu ipo zahanati. Vitambaa vile vya rangi ya maziwa vilipata doa mwezi wa pili tu baada ya arusi, la damu ya kijana aliyejikata kwa shoka shambani. Mke wangu alilisugua kwa sabuni, likafifia lakini halikutoka. Sikubadilisha kitambaa. Ile chupa jirani yangu hakuikubali irudi kwake. Mafuta yake niliyamimina katika tangi siku niliyompeleka mkamwana wake na mtoto kliniki kwa mara ya kwanza, naye aliketi mbele.

Wapenzi, labda wewe msomaji huna gari. Unacho cherehani, au baiskeli, au jembe la kukokotwa, au chumba kisicholaliwa na mtu, au elimu ya kuandika barua kwa asiyejua kuandika. Chombo chako kimefungwa mlangoni. Siku moja watakuja watu wawili, wala hawatakuwa na sura ya mitume. Labda watalowa mvua. Labda hawatasali kanisani kwetu. Mtu wa Samaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, naye akaenda kwa miguu. Kuhani na Mlawi tunajua walipita kando; hatuambiwi walijiambia nini moyoni. Mimi nadhani najua. Nadhani mmoja wao alisema hana mafuta.

Tuombe.

Ee Bwana uliyeingia Yerusalemu juu ya mnyama wa kuazima, nawe hukuwa na pako mwenyewe pa kulaza kichwa, utusamehe mema tuliyoyanyima hali yalikuwa mikononi mwetu. Utuondolee haya na kiburi kwa ajili ya vitu. Uwalinde wasafiri wote wa barabara zetu, waendao kwa gari, kwa pikipiki na kwa miguu. Uwahurumie akina mama wanaojifungua usiku wa leo. Na utakapobisha hodi, utupe mioyo ya kufungua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.